Siku nne za kuzika, hata moja ya kuuguza

Sheria ya kazi ya nchi yetu ya Kongo, ile ya tarehe 16 Oktoba 2002, inampa mfanyakazi siku mbili akioa au akiolewa, siku mbili mke wake akijifungua, na siku nne akifiwa na mwenzi wake, mzazi au mtoto. Isome orodha hiyo mpaka mwisho: siku ya kumuuguza mzazi huyo angali hai haimo. Mama yangu akifa leo, mwajiri wangu analazimika kuniachia siku nne nikamzike. Akiwa hai, ubavu mmoja umepooza, hakuna anayelazimika kuniachia hata asubuhi moja.

Nawaandikia ninyi mnaouguza watu wenu nyumbani hapa Lubumbashi. Wengi nawajua kwa sura, tunakutana famasi. Kuna mama mwenye mtoto wa SS, yaani mwenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, ambaye kila kipindi cha baridi analala macho, kuna mzee anayemuuguza mke wake, kuna wasichana walioacha shule ili bibi asibaki peke yake. Ninalotaka kuwaambia ni kwamba tuidai serikali itusaidie kuuguza, na tuidai kwa maandishi. Nimeanza kufanya hivyo tangu mama alipopatwa na kiharusi, na nawaeleza nilichojifunza.

Kwanza tuiseme kazi yenyewe, kwa sababu wakubwa wengi hawaijui. Mgonjwa akilazwa hospitalini, ndugu ndiye anayempikia, anayemuogesha, anayekimbilia famasi usiku na karatasi ya dawa, anayelala chini kando ya kitanda. Magarde-malade, yaani ndugu hao wanaokaa na wagonjwa, wakigoma nchi nzima, hospitali hazimalizi wiki. Kisha mgonjwa anaruhusiwa, mnapakia magodoro kwenye taksi, na kuanzia hapo hakuna anayekuuliza unaendeleaje.

Nyumbani kazi kubwa ni ya usiku. Mtu aliyepooza hajigeuzi, na asipogeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, ngozi ya makalio na visigino inakuwa nyekundu, halafu inapasuka, na kidonda cha namna hiyo kinaweza kuchimba mpaka mfupani. Sisi tunatandika shuka ndogo iliyokunjwa mara mbili chini ya mgongo na makalio. Mmoja anashika upande huu, mwingine upande ule, tunahesabu, tunavuta pamoja. Ukimvuta kwa mkono unamchubua, na bega la upande uliopooza linaweza kuteguka. Umeme ukikatika, mtoto anatushikia simu yenye tochi. Kisha mto kati ya magoti, kisha pampasi kama imelowa, kisha kumfuta na kumkausha vizuri, maana unyevu nao unaleta kidonda. Watu wawili wanaweza. Mtu mmoja anayefanya hivyo usiku kucha na alfajiri anatakiwa sokoni, mgongo wake hautafika mbali, na siku atakapoanguka yeye, nyumba itakuwa na wagonjwa wawili.

Yaya wangu wa kiume, yaani kaka yangu mkubwa, aliniambia kumtunza mama ni deni la watoto, serikali haihusiki. Ni deni kweli, nami nalilipa kwa moyo wote. Ila wazee wetu walililipa ukoo mzima: mashangazi walikuwa kwenye ua mmoja, wajukuu wakipokezana, na jirani akiingia bila kubisha hodi. Leo watoto wa mama mmoja wako Kolwezi, Likasi, Kinshasa na Johannesburg. Wanatuma makuta, yaani fedha, kwa simu, Mungu awabariki, lakini makuta ya simu hayamgeuzi mgonjwa. Kilichokuwa kazi ya watu kumi kimeachiwa mmoja, na karibu kila mara huyo mmoja ni mwanamke.

Na serikali inahusika, yenyewe ilijiandikia. Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2006 kinasema mtu mzee na mtu mwenye ulemavu wana haki ya kulindwa kwa hatua maalumu zinazolingana na mahitaji yao ya mwili, ya akili na ya utu. Tarehe 3 Mei 2022 ikaja sheria namba 22/003 ya kulinda haki za watu wenye ulemavu. Unapokwenda ofisini, usiende na machozi tu. Nenda na kifungu. Nimeona namna afisa anavyobadilika akisikia namba ya sheria inatajwa na mama aliyevaa kitenge na kandambili.

Watakuambia nchi haina uwezo. Mwaka 2019 walisema hivyo hivyo kuhusu masomo ya bure ya shule ya msingi, na yakaanza, pamoja na kasoro zake zote. Septemba 2023 serikali ikazindua uzazi wa bure, ikianzia Kinshasa. Hapa Katanga tena makuta yana anwani: Sheria ya Madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inagawa mrabaha wa migodi, yaani malipo ambayo kampuni zinaitoa serikalini kwa madini zinayochimba: asilimia 25 kwa jimbo, asilimia 15 kwa komini au sekta, utawala ulio chini ya jimbo, ambako mgodi upo. Malori ya shaba na kobalti yanatupita kila siku kuelekea Kasumbalesa. Kuuliza sehemu ya wagonjwa wetu iko wapi katika mrabaha huo ni swali la haki kabisa.

Ukivuka hapo hapo Kasumbalesa, Zambia ina mpango wa kuzipa kaya maskini fedha taslimu, ulioanza kwa majaribio Kalomo mwaka 2003, na kaya yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa inapewa mara mbili. Kenya ilitenga shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kaya maskini yenye mtu wa namna hiyo, anayehitaji kuangaliwa wakati wote. Fedha ni ndogo, nakubali, lakini ina jina katika bajeti. Wengine wamekwenda mbali zaidi na kulipangia sheria pumziko la anayeuguza: mtu aliyefundishwa anakuja kukaa na mgonjwa kwa saa kadhaa, au mgonjwa anapokelewa mahali kwa siku chache, wewe ulale, ukatibiwe meno, ukahudhurie hata harusi ya mtoto wa dada yako. Marekani ilipitisha sheria ya kugharimia huduma hiyo mwaka 2006. Ufaransa, tangu Oktoba 2020, inamlipa mfanyakazi posho kwa siku anazoacha kazi kumhudumia mtu wake. Uingereza, tangu Aprili 2024, mwajiri lazima amwachie wiki moja kwa mwaka, ingawa bila malipo.

Sasa jinsi ya kuanza. Chukua daftari la shule, uandike kila unachofanya na muda wake: kumgeuza, kumlisha, kufua, kutafuta dawa, gharama ya pampasi, siku ambayo hukufungua duka. Andika kwa mwezi mmoja. Daftari hilo lina nguvu kuliko hotuba. Mimi mwenyewe sikujua usiku wangu ulivyo mpaka nilipouona kwenye karatasi, na muuguzi mkuu wa kituo chetu cha afya alilisoma kurasa zote akiwa amesimama.

Kisha watafute wenzako. Sisi tulianzia kwenye likelemba ya kina mama, ule mchango wa kupokezana kwa zamu, ila badala ya makuta tukatoa saa zetu za kazi. Wiki hii wawili wanakuja kwangu alasiri nzima, wiki ijayo mimi na mwingine tunakwenda kwa mwenye mtoto wa SS. Kila mmoja anafundishwa na mwenye nyumba jinsi mgonjwa wake anavyogeuzwa na kulishwa, kwa sababu anayepaliwa na maji hawezi kunyweshwa kama mwingine, anahitaji uji mzito na kukalishwa wima. Nilipata alasiri ya kulala. Sijawahi kuuthamini usingizi namna ile. Lakini kikundi cha namna hii kinabebwa na watu waliokwisha kuchoka. Mmoja wao akiugua, zamu zote zinavurugika. Kwa hiyo tukaipeleka mbele kama ombi, pamoja na madaftari yetu.

Kila ombi lipelekwe kwa mwenye uwezo wa kulitimiza, vinginevyo mtazungushwa. Kituo cha afya tulikiomba muuguzi apite nyumba za wagonjwa wa kitandani mara moja kwa wiki, na wale wahudumu wa afya wa jamii wafundishwe kugeuza na kulisha. Kamati ya maendeleo ya eneo la afya, CODESA, ndiyo mlango wa kwanza, na watu wengi hawajui kwamba wajumbe wake wanatoka mtaani kwao. Komini tuliiomba chumba kimoja cha kupokea wagonjwa mchana, mara moja kwa wiki. Wabunge wa jimbo tunawaomba mstari katika bajeti, na wabunge wa taifa siku za kuuguza katika sheria ya kazi.

Ombi liandikwe chini ya kifungu cha 27 cha Katiba. Kinampa kila Mkongomani haki ya kupeleka ombi kwa mamlaka, peke yake au na wenzake, nayo mamlaka inapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu. Kinasema pia kwamba hakuna atakayeshtakiwa kwa kufanya hivyo, na hili muwasomee wenzenu kwa sauti, maana woga upo na una sababu zake. Pelekeni nakala mbili, moja irudi na muhuri na tarehe ya kupokelewa. Ofisi moja ilikataa kutugongea muhuri. Tulikaa kwenye benchi mpaka karani akachoka nasi. Ofisi hiyo hiyo haikujibu miezi mitatu ilipokwisha, tukarudi na barua ya pili iliyoambatanishwa na ile yenye muhuri, na hapo ndipo tuliitwa. Chumba bado hatujapata. Muuguzi tumepata: anapita Alhamisi, anaangalia vidonda, anapima presha, na mama wawili wa mtaa wetu ambao hawakuwa na mtu sasa wana wa kumuuliza.

Wabunge wa jimbo huijadili bajeti katika kikao cha Septemba, hivyo barua yenu iwafikie kabla, Juni au Julai, kabla mistari haijapangwa. Anayeuguza hana muda wa mikutano. Msimngoje mkutanoni, mpelekeeni karatasi kwake. Asiyejua kuandika aweke alama ya kidole gumba, shahidi aandike jina lake kando, na kila mtu aweke namba ya avenyu yake ili wasije wakasema majina ni ya kubuni.