Nilitoa ushahidi nikiwa na hakika, sasa nina shaka. Je, ninyamaze?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Miaka kadhaa iliyopita nilivamiwa usiku nikaporwa. Polisi walinionyesha picha ya mtu, na baadaye nikamchagua huyo huyo kwenye gwaride la utambulisho. Askari akaniambia, "Umefanya vizuri, ndiye." Mahakamani niliapa kwa msahafu nikasema sina shaka hata chembe. Alifungwa na bado yumo. Juzi nimemwona mtu mwingine nikatetemeka, na tangu hapo sijui sura iliyo kichwani mwangu niliipata usiku ule au kwenye ile picha. Ustadhi mmoja ameniambia ninyamaze: nimekwisha apa, na dhima ni ya hakimu. Je, nimetoa shahada ya uongo?

JIBU: Wa alaykumu salaam wa rahmatullah, dada yangu.

Hukutoa shahada ya uongo. Ile ambayo Mtume (s.a.w.) alipoitaja aliacha kuegemea akakaa kitako, akairudia mpaka maswahaba wakatamani anyamaze, ni ya anayejua kuwa anasema uongo. Wewe ulisema ulichokiamini. Mwenyezi Mungu anasema: "Wala si lawama juu yenu kwa mlivyokosea, lakini ipo lawama katika yale ziliyofanya nyoyo zenu kwa makusudi" (33:5). Kiapo chako nacho hakina kafara kwa kauli ya wanazuoni wengi, maana uliapia jambo ukilidhani kweli.

Ama huo ushauri wa kunyamaza, nimeusoma mara mbili na umenisikitisha.

Ati dhima ni ya hakimu! Hakimu alikuwa na nini mkononi zaidi ya jicho lako? Mtume (s.a.w.) mwenyewe, katika hadithi ya Ummu Salama, amesema kuwa yeye ni binadamu, anahukumu kwa kadiri anavyosikia, na kwamba akimpa mtu haki ya nduguye kwa ufasaha wa hoja basi amempa kipande cha moto. Ikiwa hukumu ya Mtume haigeuzi batili kuwa haki, ya hakimu wa leo itageuzaje? Na kiapo ulichokula kilikuwa cha kusema kweli. Kweli uliyo nayo leo ni shaka. Kuificha ndiko kunakoingia katika onyo la Suratul Baqara: anayeficha ushahidi, moyo wake una dhambi.

Kama ustadhi anaona jambo hili ni jipya, arejee Kitabu cha Diya (fidia ya kuua au kujeruhi) katika Sahihi ya Bukhari. Watu wawili walimshuhudia mtu kuwa ameiba, Ali (r.a.) akamkata mkono. Kisha wakamleta mwingine wakasema, tulikosea, mwizi ni huyu. Ali akakataa ushahidi wao juu ya huyu wa pili, akawatoza diya ya mkono wa yule wa kwanza, na akasema lau angejua wamekusudia angewakata wao. Hawakuambiwa, "Mmekwisha toa ushahidi, kaeni kimya."

Wapo pia wanaosema kuwa utafiti wa kumbukumbu, unaoonyesha kuwa shahidi mkweli naye hukosea, ni mambo ya Magharibi, na jicho la muumini mkweli linatosha. Hoja hii inaniudhi zaidi, kwa kuwa wasemaji wake wamesahau elimu yao wenyewe. Maulamaa wa hadithi hawakutosheka na uadilifu wa mpokezi, walimpima na dhabti yake, yaani usahihi wa hifadhi yake. Wangapi walikuwa wacha Mungu wa kukesha usiku, na riwaya zao zikaachwa kwa hifdhi mbaya? Tena walikuwa na kasoro waliyoiita talqini: mpokezi anatiliwa neno, naye analipokea akidhani ni lake, kama ilivyosemwa juu ya mpokezi Simak bin Harb mwishoni mwa umri wake. Walimwona mkweli, ila walijua kuwa mkweli naye hupandikizwa jambo.

Mwaka 1974 watafiti wa saikolojia Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi filamu ya magari yakigongana. Wengine waliulizwa mwendo wa magari "yalipogongana", wengine "yalipopondana". Baada ya wiki wakaulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Vioo havikuwapo, lakini katika kundi la "kupondana" 16 kati ya 50 walisema waliviona; katika kundi jingine, 7 kati ya 50. Neno moja tu. Wewe ulionyeshwa picha nzima, kisha ukapongezwa, na pongezi kama hiyo huongeza hakika ya shahidi bila kuongeza usahihi wake.

Ronald Cotton wa North Carolina, Marekani, alifungwa mwaka 1985 kwa ushahidi wa mwanamke aliyejitahidi kuikariri sura ya mshambuliaji wake. Alimchagua Cotton kwenye picha, kisha kwenye gwaride. Mhalifu wa kweli alipoletwa mahakamani mwaka 1987, mwanamke yule hakumtambua. Vipimo vya DNA vikamtoa Cotton mwaka 1995. Hadi 2020, watu 375 walikuwa wameondolewa hatia kwa DNA huko Marekani, na takribani asilimia 69 ya kesi hizo zilikuwa na shahidi aliyemtambua asiye mhalifu.

Basi ni wajibu wako kulisema, na liseme kwa mpango. Anza kwa wakili wako mwenyewe, kwa sababu sheria za nchi hutofautiana katika kumtazama shahidi anayerudi, nawe usiingie huko peke yako. Akuandikie hati ya kiapo. Usiseme "hana hatia", hilo hulijui. Sema ulionyeshwa picha kabla ya gwaride, askari alikwambia nini, na kwamba leo huwezi kuitegemea sura ile. Wakikushawishi kuongeza neno, kataa. Na huyo uliyemwona juzi, usimnyooshee kidole. Ali hakuukubali ushahidi wa pili, na kumbukumbu iliyokwisha kuchafuliwa haiwezi kumtia mtu mwingine gerezani.

Kwa mfungwa na jamaa zake usiende sasa, wakili atakuambia lini. Mahakama ikiiacha hukumu baada ya kukusikia, umetimiza lako. Akitoka, hapo kuna haki ya mja: umwombe radhi, na akidai fidia tusikilizane upya, kwani hukumu ya Ali ina uzito, ingawa aliyekuonyesha ile picha naye ana fungu lake mbele ya Mungu. Na wewe uliporwa kweli, dada yangu. Kutojua ni nani aliyekupora hakukufuti katika waliodhulumiwa.

Wallahu a'alam.