Dibaji, utangulizi na bashraf: majibu kwa wasomaji

Nimeambiwa kuwa neno "dibaji" asili yake ni hariri. Ni kweli?

Ni kweli. Kiswahili kimelipata kutoka Kiarabu, ambako dibaja ni maneno ya kufungulia kitabu, na Kiarabu nacho kimelitoa katika Kiajemi, ambako diba ni hariri nzito iliyofumwa kwa nakshi. Waarabu waliita kitambaa hicho dibaj, na kutokana na jina hilo wakapata pia neno la mashavu ya mtu, kisha la kurasa za mwanzo za kitabu. Kwa mtazamo wangu, kinachounganisha maana hizo tatu ni lile jambo la kwanza linalovuta jicho. Kwa hiyo mwandishi anayetuahidi "dibaji isiyo na mapambo" anajipinga bila kujua.

Kitabu changu kina dibaji na utangulizi pia. Je, si kitu kimoja?

Katika mazungumzo ya kawaida hubadilishana, lakini wachapishaji makini huzitenganisha. Dibaji hukizungumzia kitabu chenyewe, yaani kwa nini kimeandikwa na kimekusudiwa nani, na mara nyingine huandikwa na mtu asiyekuwa mtunzi. Utangulizi huanza kuingia katika mada, hata msomaji akiuruka huenda asizielewe sura zinazofuata. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 hufunguliwa na utangulizi, nami naona neno hilo limechaguliwa vyema, kwa sababu uhuru, haki, udugu na amani vinavyotajwa pale ndiyo misingi ambayo ibara zinajengwa juu yake. Tabaruku, yaani maneno ya kumtunukia mtu kitabu, na shukrani ni mambo mengine kabisa.

Kitenzi ni "tangulia". Hiyo "z" ya utangulizi inatoka wapi?

Vitenzi vingi vinavyoishia kwa irabu mbili vilipoteza "l" zamani, nayo hurudi kwa sura ya "z" nomino inapoundwa: lea hutupa mlezi, pokea hutupa mpokezi, okoa hutupa mwokozi.

Je, washairi wa kale walikuwa na dibaji?

Walikuwa nayo, ila waliitunga ndani ya beti zenyewe, kwa kawaida kwa kulitaja jina la Mungu kabla ya jambo jingine lolote. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anaifungua Al-Inkishafi kwa maneno "Bismillahi naikadimu", yaani bismillahi naitanguliza. Kitenzi hicho, kadimu, kina mzizi mmoja wa Kiarabu na Muqaddima, kazi ya Ibn Khaldun ya mwaka 1377, ambayo ilikusudiwa iwe utangulizi tu wa historia yake ndefu, na leo inasomwa kuliko historia yenyewe.

Na bashraf ya taarabu, ina uhusiano wowote na haya?

Ina uhusiano wa maana. Katika Kiajemi, pish ni mbele na raw ni mwendo. Waturuki wakasema peşrev, na Unguja ikawa bashraf. Ni muziki mtupu, usio na sauti ya mwimbaji, na katika vikundi vya kale kama Nadi Ikhwan Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, fidla, udi na ganuni huitangulia shughuli kwa bashraf kabla mwimbaji hajasimama.