Ndugu yangu ametoka selo na mkono umevunjika, IPOA itanisaidia nini?

Swali: Shikamoo wakili. Mdogo wangu alishikwa usiku akitoka kazini, akalala selo ya kituo kimoja huku Pwani, asubuhi wakamwachilia bila kesi na mkono umevunjika. Tukarudi hapo hapo kuripoti, askari wa kaunta akatwambia OB (kitabu cha matukio cha kituo) haiandikwi malalamishi ya polisi. Wengine waniambia niende IPOA (mamlaka huru inayosimamia polisi), wengine IAU (kitengo cha ndani cha polisi), mwengine asema nisijisumbue, IPOA haiwezi kufuta askari kazi. Nishike lipi? (Dada mtu, Kisauni)

Jibu: Marahaba dadangu, na poleni sana. Huyo aliyekwambia IPOA haifuti mtu kazi hajakudanganya, ila amekuacha njiani. IPOA iliundwa kwa sheria ya 2011, baada ya tume ya Jaji Waki kuanika vile polisi waliua raia kwenye fujo za uchaguzi wa 2007, na kazi yake ni kuchunguza. Faili ikiiva na ikaonekana kuna jinai inaenda kwa DPP (mkurugenzi wa mashtaka ya umma), yeye ndo anaamua kushtaki ama kutoshtaki. Mambo ya nidhamu, kushushwa cheo ama kufutwa, ni ya Tume ya Huduma ya Polisi, hapo IPOA inapendekeza tu. IAU nao ni polisi wanaochunguza polisi wenzao, wako chini ya Inspekta Jenerali. Sisemi hawafanyi kazi, lakini mimi jeraha la selo napeleka IPOA alafu IAU nawapa nakala, kwa sababu kifungu cha 25 cha sheria ya IPOA kinailazimu IPOA kuchunguza kifo ama jeraha baya la mtu aliyekuwa mikononi mwa polisi. Na OCS (mkuu wa kituo) mwenyewe sheria ya polisi inamtaka aripoti kwa IPOA mara moja askari wake akitumia nguvu mpaka mtu akaumia vibaya, hangoji wewe uende.

Na kuna watu wamefungwa kupitia hio njia. Kwekwe Mwandaza alikuwa binti wa miaka 14 huko Kinango, akapigwa risasi nyumbani kwao Agosti 2014, askari wakasema aliwavamia na panga. IPOA ikachunguza, na 2016 Mahakama Kuu Mombasa ikawafunga askari wawili miaka 7 kila mmoja kwa kuua bila kukusudia. Ndo ilikuwa hukumu ya kwanza kutoka kwa faili zao. Unaona ilichukua muda gani, kwa iyo jipange.

Sasa hio stori ya OB haiandikwi, hakuna sheria kama hio. Nenda kituo kingine na mtu mzima mmoja wa kushuhudia, usiondoke kaunta bila namba, inaanza na namba ya ripoti alafu tarehe, uandike na saa. Hapo hapo uliza P3, fomu ya polisi ya kuthibitisha jeraha. Sehemu ya kwanza inajazwa na polisi, ile nyengine na daktari, na daktari ndo anasema jeraha ni la kiwango gani, sasa kabla hujairudisha kituoni piga picha kurasa zote, maana nimeshaona P3 zikipotea kwa droo na mteja hana hata kivuli chake. Eksrei na karatasi za hospitali usimpe mtu orijino.

Barua yako ya malalamishi kwa IPOA isiwe matusi wala historia ya ukoo. Andika alishikwa wapi, saa ngapi, gari namba gani, aliingizwa selo saa ngapi, alikuwa na nani ndani (hao wa selo moja ndo mashahidi wako wa kwanza, watafute kabla hawajahama mtaa) na alitoka saa ngapi. Omba waziwazi kamera za kituo zihifadhiwe. Kwa kesi ya Albert Ojwang, aliyefia mikononi mwa polisi Nairobi Juni 2025, polisi walisema alijigonga kichwa ukutani, daktari aliyepasua maiti akasema majeraha hayafanani na hilo, na wachunguzi walipofuata kamera wakakuta zimechezewa. Kwa iyo barua ipeleke wiki hii, nakala yako igongwe muhuri.

Kitu cha mwisho ambacho watu wengi hawakijui, tena mpaka mawakili wengine. IPOA haikulipi fidia. Kesi ya kawaida ya kudai serikali kwa kuumizwa ina miezi 12 tu tangu siku ya tukio, na haisimami eti kwa sababu IPOA bado wanachunguza. Ikipita inabaki ombi la kikatiba Mahakama Kuu, hilo halina kikomo kilichoandikwa lakini jaji atakuuliza ulikuwa wapi siku zote. Kwenye swali lako hukuniandikia alishikwa tarehe ngapi. Nijulishe hio kwanza.