Sanamu au mnara, na "imesimama" au "limesimama"?

Swali: Msomaji anayetembeza wageni mkoani Iringa aliandika katika maelezo yake "sanamu la Wajerumani lililojengwa Lugalo". Mwenzake alimsahihisha kuwa ni "sanamu ya", na mwingine akadai kuwa pale hapana sanamu kabisa. Nani yuko sahihi?

Jibu: Aliyelenga hasa ni huyo wa tatu. Sanamu ni umbo lililochongwa, lililofinyangwa au lililosubiwa kwa mfano wa mtu, mnyama au kitu, na pasipo mfano hapana sanamu. Kilichopo Lugalo, mahali ambapo Wahehe walikishinda kikosi cha kamanda wa Kijerumani, Emil von Zelewski, tarehe 17 Agosti 1891 na kumuua yeye mwenyewe, ni mnara. Neno hili lilitujia kutoka Kiarabu likiwa na maana ya mahali pa taa au nuru, kisha likaenea hadi kwenye minara ya misikiti, ya saa na siku hizi ya simu, kwa kuwa vyote hivyo ni vitu vilivyosimikwa na kwenda juu. Naongeza jambo ambalo msomaji hakuliuliza: "mnara wa Wajerumani" hausemi kama Wajerumani ndio waliojenga au ndio wanaokumbukwa. Lugalo ni yote mawili, maana walioshindwa ndio waliojengewa mnara, kwa hiyo ningependelea "mnara wa kumkumbuka Zelewski".

Kuhusu upatanisho, Kiswahili sanifu huliweka neno sanamu katika ngeli ya I-ZI. Wasomaji wa Biblia wanaijua "sanamu ya kuchonga", na kwa kipimo hicho tunasema sanamu ndefu, wala si sanamu refu. "Sanamu hili" na "masanamu" husikika sana, hasa msemaji anapotaka kukuza au kubeza, na sioni sababu ya kumkemea mtu kwa hilo katika mazungumzo, ila katika maandishi ya kuwaongoza wageni shikilia "hii".

Penye utata wa kweli ni pale sanamu inapokuwa ya mtu. Chukua ile ya Askari katikati ya Dar es Salaam, iliyozinduliwa mwaka 1927: askari wa shaba nyeusi, ameinama kidogo mbele, bunduki yenye singe mikononi. Wapo wanaoandika "sanamu ya Askari amesimama", nao wameacha macho yawatangulie kalamu. Sentensi moja inaweza kubeba ngeli zote mbili bila kugombana: "Sanamu ya askari aliyeshika bunduki imesimama katikati ya barabara." Aliyeshika ni askari, iliyosimama ni sanamu. Jiwe lililo chini yake si sehemu ya sanamu, na vyote viwili kwa pamoja ni ukumbusho.

Ukumbusho, nao, usiuchanganye na kumbukumbu. Ukumbusho umetokana na kukumbusha, yaani ni kitu kinachomfanya mwingine akumbuke. Kumbukumbu ni kile kinachobaki akilini au kwenye majalada. Makumbusho ni ndugu wa ukumbusho, na upatanisho wake ni wa YA: Makumbusho ya Mkwawa pale Kalenga, yanayohifadhi fuvu la mtwa huyo, yaani mtawala wa Wahehe, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, ni "makumbusho haya", ingawa hata kwenye vibao utakuta "makumbusho hii".