Mimi nachagua Fox Sterlingworth geji 16

We ndugu uliyeuliza shotigani (bunduki ya marisau) gani ya zamani tunaipenda kwa msimu wa kuwinda graus, yule ndege wa msituni, mimi bila kupepesa macho nasema Fox Sterlingworth, ile ya mitutu miwili ubavu kwa ubavu ambayo kampuni ya Fox waliianza Philadelphia 1910, na iwe geji 16 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu) maana nyingi hazifiki kilo 3 na huku Maine, Marekani, unatembea kutwa nzima msituni umebeba chuma mkononi, saa kumi jioni kila gramu unaijua. Graus ni kama kwale aliyenenepa, anakaa kimyaaa mpaka umkaribie kumkanyaga halafu anatoka prrrrr kama pikipiki, moyo unaruka, ukija kuinua bunduki keshajificha nyuma ya misonobari. Kwa hiyo mtutu uliobanwa sana mdomoni haukufai, marisau hayapati nafasi ya kutawanyika, unakosa, au ukimpata unaokota manyoya tu lol. Tafuta iliyo wazi.

Ila angalia chemba, pale risasi inapokaa, kabla hujatoa hela!! Geji 16 nyingi za Marekani za enzi hizo chemba yake ni fupi kuliko risasi za dukani leo za inchi 2 na robo tatu, mpelekee fundi wa bunduki apime kwanza. Na ukiona mitutu ina mistari mistari kama mbao, ile Damascus ya chuma cha kusokotwa, inaweza kupasuka ukifyatua, tundika ukutani tu.

Kama unatumia mkono wa kushoto basi shotigani ya Ithaca 37, maganda ya risasi yanatokea chini hayakurukii usoni.