Mjomba, China ninayoishi mimi

Mjomba, shikamoo. Uliuliza kwenye kundi la familia: hawa Wachina waliotujengea reli ya TAZARA tukiwa wote maskini, wametuachaje? Na mwanao aje huku Guangzhou? Sikujibu palepale kwa kuwa nilikuwa ghalani, na jibu lenyewe lina kona.

Umaskini wao ulikuwa wa kweli. Mama mwenye nyumba wangu, bibi wa miaka sabini na ushei, bado ana kuponi za mgao wa mchele kwenye kopo la biskuti, vikaratasi vimelainika kama noti chakavu. Alikuwa mtoto wakati wa njaa ya 1959 hadi 1961, iliyoua mamilioni. Nikibakiza punje kwenye bakuli hunigongea ukingo kwa kijiti, hasemi neno.

Desemba 1978 kiongozi wao Deng Xiaoping na wenzake wakalegeza kamba ya uchumi. 1980 Shenzhen, jirani na Hong Kong, ikafanywa eneo maalumu la uchumi, wageni wakaruhusiwa kufungua viwanda. Hayo mnayasikia. Msichosikia ni nani aliyejaza vile viwanda: vijana wa vijijini, ambao mjini walihesabika wageni. Kuna kitu kinaitwa hukou, uandikishaji wa makazi, tangu 1958. Umeandikishwa kijijini kwenu, basi shule na matibabu ya mjini unayapata kwa taabu. Jamaa anayenifungia mizigo ni mtu wa mkoa wa Henan, mwaka wa kumi na moja yuko hapa. Binti yake analelewa na bibi. Saa mbili usiku huegemeza simu kwenye katoni, anakula tambi huku anamkagua hesabu. Wanaonana Mwaka Mpya wao tu.

Sasa mwenye nchi akiwa hivyo, mimi je? Aprili 2020, wakati wa korona, Waafrika wengi hapa tulifukuzwa kwenye nyumba. Nilikuwa nimelipa kodi. Nililala stoo kwa rafiki Mmali. Na viza ikipita, faini ni yuani 500 kwa siku.

Mwanao akiwa na mtaji, aje kwenye Maonyesho ya Canton, yale ya biashara hapa Guangzhou, Aprili au Oktoba, anunue, arudi. Kuja kutafuta kazi, hapana. Juni 2023 wao wenyewe walitangaza ukosefu wa ajira kwa vijana wa mijini asilimia 21.3, kisha wakaacha kutangaza kwa miezi kadhaa. Wapo wenye digrii wanaosambaza chakula kwa pikipiki.

Hela ya bati nitatuma Ijumaa, kontena likishapakiwa.