Maswali ya Wasomaji: Mkono Mfupi wa Gia, Ufungaji na Urekebishaji Wake

Swali: Kwako fundi wa safu hii, nakusalimu kwa heshima. Ninaishi Njiro, Arusha, na ninamiliki Eunos Roadster ya mwaka 1993 yenye giaboksi ya gia tano, gari ambalo katika nchi nyingine huuzwa kwa jina la Mazda MX-5. Mkono wake wa gia umelegea kiasi kwamba unazunguka kama mwiko ndani ya sufuria, na safari yake kutoka gia ya kwanza hadi ya pili ni ndefu mno. Nimeagiza mkono mfupi kutoka Japani, lakini fundi mmoja wa jirani ananiambia nimepoteza fedha bure, kwa kuwa angeweza kuukata mkono wa zamani na kuuchomelea upya kwa saa moja tu. Je, anasema kweli? Na kama nitaufunga huu mpya mwenyewe, nianzie wapi na niurekebisheje?

Jibu: Ndugu msomaji, nimefurahi kwamba umeuliza kabla ya mkono wa zamani kukatwa. Nitakujibu kwa urefu, kwa sababu katika jambo hili watu wengi hutumia fedha mahali ambapo tatizo halipo.

Mkono wa gia ni wenzo. Unaegemea kwenye tufe la chuma lililo karibu na giaboksi. Sehemu iliyo juu ya tufe hushikwa na dereva, na sehemu fupi iliyo chini husukuma vyuma vya ndani vinavyochagua gia. Tuchukue mfano wa mkono wenye milimita 200 juu ya tufe na milimita 50 chini yake. Uwiano wake ni nne kwa moja, kwa hiyo ili ncha ya chini isogee milimita 12, kichwa cha gia hakina budi kusogea milimita 48. Tufe likipandishwa milimita 15, juu hubaki milimita 185 na chini huwa 65, na sasa kichwa husogea takriban milimita 34 tu kwa kazi ileile. Huo ndio ufupi ulioununua. Lakini wenzo hautoi kitu bila kudai kingine: kama zamani ulihitaji nguvu ya nyutoni 20 mkononi kuiingiza gia, sasa utahitaji karibu 28. Mkono mfupi ni mzito zaidi, na anayeuuza akikuambia kwamba unafanya gia ziwe laini, hakuelezi sawasawa.

Fundi wako wa jirani hakukosea kabisa, kwa maana kuukata mkono juu kweli hupunguza safari. Hata hivyo, mkono wa gari lako una mpira ndani yake wa kuzuia mtetemo usifike mkononi, na moto wa kuchomelea huuharibu mpira huo. Zaidi ya hayo, kichwa cha gia hushuka, na mkono ukiwa kwenye gia ya pili au ya nne vidole hukwaruza boksi la katikati ya viti. Mkono uliotengenezwa vizuri huongeza urefu wa chini badala ya kupunguza wa juu peke yake, nalo ni jambo ambalo msumeno hauwezi kulifanya. Hukupoteza fedha.

Sasa nije kwenye lililo muhimu zaidi katika barua yako. Umesema mkono unazunguka kama mwiko. Hiyo si dalili ya mkono mrefu, ni dalili ya bushi iliyokwisha, yaani kile kikombe laini kinachoziba nafasi kati ya vyuma viwili vinavyosogea. Kwenye ncha ya chini ya mkono wa gari hili kuna bushi ndogo ya nailoni yenye umbo la kikombe, na baada ya miaka zaidi ya 30 huwa imelika, imepasuka au haipo kabisa. Juu yake kuna mipira miwili ya kuzuia vumbi na joto, mmoja mdogo uliokaa kwenye giaboksi na mwingine mpana uliofungwa sakafuni. Ule mdogo ukichanika, harufu ya oili na joto la giaboksi hupanda hadi miguuni mwa dereva. Ukifunga mkono mfupi juu ya bushi iliyokufa, ulegevu wote utabaki palepale, isipokuwa sasa utausikia katika safari fupi. Kwa hiyo nunua bushi na mipira yote miwili pamoja na mkono. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na mkono wenyewe, na mimi sifungi mkono mpya bila vitu hivyo.

Kuhusu kazi yenyewe, iache gari ipoe kabisa, kwa maana bomba la ekzosti hupita chini ya mahali hapo. Zuia magurudumu kwa mawe, vuta breki ya mkono, kisha weka gia huru, kwa sababu mkono ukishatoka gari halitakuwa na gia ya kulishikilia. Fungua kichwa cha gia kwa kukizungusha, toa boksi la katikati, halafu kabla hujafungua boliti hata moja safisha eneo lote kwa brashi na kitambaa. Nasisitiza hapa kwa sababu ninalijua vumbi letu. Gari linalopita Kisongo kila wiki wakati wa kiangazi huwa na unga mwekundu katika kila kona ya sakafu, na mpira ukiinuliwa, unga huo humiminika moja kwa moja ndani ya giaboksi. Spana namba 10 na namba 12 kwa kawaida zinatosha. Toa kwanza boliti za mpira mpana, kisha boliti tatu zinazoshikilia bamba la mkono, na uinue mkono taratibu ukiangalia mpangilio wa washa (pete bapa) na springi zake. Upige picha kwa simu. Mara tu mkono unapotoka, ziba tundu kwa kitambaa safi kisicho na nyuzi. Miaka mingi iliyopita, katika gereji niliyojifunzia kazi, nilishuhudia boliti moja ikidondoka ndani ya tundu kama hilo, na giaboksi nzima ikalazimika kushushwa kwa ajili ya boliti hiyo.

Ndani ya tundu utakuta oili. Watu wengi hawajui kwamba katika giaboksi hii ya gia tano, sehemu unamokaa mkono ina oili yake ya pekee, isiyobadilika hata ukibadilisha oili ya giaboksi mara kumi. Inyonye kwa bomba la sindano. Mara nyingi itatoka nyeusi, na huenda ukakuta ndani yake vipande vya bushi ya zamani. Jaza oili mpya ya giaboksi ya 75W-90, kiasi kidogo kisichofika mililita 100, kwa kiwango kinachotajwa na kitabu cha gari lako. Kwa magari mengi niliyoyahudumia, kazi hii peke yake, yaani oili, bushi na mipira, ilirudisha zaidi ya nusu ya utamu wa gia uliokuwa umepotea, hata kabla mkono mpya haujafungwa.

Paka tufe la mkono mpya grisi kidogo, vika bushi mpya kwenye ncha ya chini na uhakikishe imekaa hadi mwisho, kisha uteremshe mkono. Hapa ndipo urekebishaji unapoanza. Mikono mingi ya aina hii huja na kipande cha kuinua bamba, na mingine huja na washa nyembamba za kupanga mkazo juu ya tufe. Ukikaza mno, mkono utakuwa mgumu na hautarudi wenyewe katikati. Ukilegeza mno, utalia ukipita kwenye matuta. Ongeza au punguza washa moja kwa wakati, na kila mara jaribu gia zote injini ikiwa imezimwa na klachi ikiwa imekanyagwa. Boliti zile tatu ni ndogo na zinaingia kwenye alumini, kwa hiyo zikazwe zamu kwa zamu, kwa spana ya kupimia mkazo ukiweza kuipata, wala si kwa bomba la kurefushia spana.

Kabla ya kurudisha boksi la katikati, ingiza gia ya pili, ya nne na rivasi, ambayo iko kulia nyuma, na uangalie kama mkono unagusa popote. Kisha angalia mpira mpana. Ukiwa umefungwa huku umekunjamana au umevutika upande mmoja, utaurudisha mkono nyuma polepole, na gia itaruka yenyewe unapoondoa mguu kwenye mafuta. Nimeona watu wakishusha giaboksi kutafuta ubovu ambao chanzo chake kilikuwa mpira tu.

Ukianza kuendesha, usiwe na haraka. Sinkronaiza, ile pete inayosawazisha mwendo wa gia kabla hazijashikana, inahitaji muda wake, na mkono mfupi humpa dereva uwezo wa kuiwahi kabla haijamaliza kazi. Gari lako linajulikana kwa gia ya pili kuwa ngumu oili ikiwa baridi, na asubuhi za Julai hapa Arusha utalihisi jambo hilo zaidi kuliko zamani. Usilazimishe. Endesha kilomita chache za kwanza kwa upole, hadi oili ipate joto, na ukisikia mkwaruzo hata mara moja, ongeza kituo kidogo kati ya gia na gia.

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu, ninaishi Pasua, Moshi, na kila siku ya kazi ninapandisha kwenda Marangu kwa Subaru Impreza ya gia tano. Nilifungiwa mkono mfupi, lakini gia bado zinacheza na wakati mwingine ninaikosa ya tatu. Je, mkono niliouziwa ni bandia?

Jibu: Marahaba, mwalimu. Huenda mkono ni mzuri kabisa. Tofauti na gari la msomaji aliyetangulia, kwenye Subaru mkono haukai juu ya giaboksi. Umeunganishwa nayo kwa fito mbili zinazopita chini ya gari, na fito hizo zina bushi na mpira wa kuzishikilia kwenye bodi. Joto la ekzosti na matope huzimaliza bushi hizo, na ulegevu wa kila moja hujumlishwa hadi ufike mkononi. Mwambie fundi alipandishe gari kwenye stendi za chuma za kulishikilia, si kwenye jeki peke yake, kisha mtu mmoja autikise mkono wa gia huku mwingine akitazama kutoka chini ni kiungo kipi kinachocheza kabla fito hazijasogea. Abadilishe bushi zote kwa pamoja, aangalie na pini ya springi kwenye kiungo cha giaboksi. Mkono wako ubaki ulivyo.

Swali: Niko Usa River. Mjomba ameniachia Ford Mustang yenye giaboksi ya Borg-Warner T-5. Mkono mfupi nilioununua una boliti mbili za pembeni zenye nati, na haukuja na maelezo. Boliti hizo ni za nini?

Jibu: Ni vizuizi. Mkono wa asili wa gari hilo hauna, na dereva akisukuma kwa nguvu, nguvu yote huishia kwenye folki za ndani, yaani vyuma vyenye umbo la uma vinavyosukuma gia. Vizuizi huupokea mkono baada tu ya gia kuingia kikamilifu. Injini ikiwa imezimwa, rudisha boliti zote mbili nyuma, ingiza gia ya tatu na uushikilie mkono mbele kwa nguvu ya wastani. Zungusha boliti ya mbele hadi iguse mkono, uachie mkono, kisha uirudishe boliti nusu mzunguko na uikaze nati yake. Fanya vivyo hivyo kwa gia ya nne na boliti ya nyuma. Baada ya hapo ingiza ya kwanza, ya pili, ya tano na rivasi moja baada ya nyingine, na iwapo mojawapo haiingii hadi mwisho, ilegeze boliti ya upande huo kidogo kidogo mpaka iingie, kwa sababu kizuizi kilichokaribia mno huiacha gia nusu ndani na nusu nje, na meno yake hulika upesi kuliko ambavyo yangelika bila kizuizi chochote.